Nguruwe Niliyemhasi Nusu

Tangu nistaafu, vijana wa idara ya mifugo hawajaacha kunipitia nyumbani. Huja na maswali ya chanjo, ya kupe, ya mbuzi anayetupa mimba, na tukishayamaliza huniomba niandike niliyoyaona kazini. Nimekubali, ila habari za vyeo mtanisamehe. Vyeo nilivipata kama wanavyovipata wengi, kwa kukaa muda mrefu bila kufa wala kufukuzwa. Nitaandika habari za kazi, na zaidi habari za nguruwe mmoja wa Mtanda, kwa sababu ndiye ninayemkumbuka nikiwa peke yangu.

Mimi ni mtu wa Kilwa Kivinje. Kwetu nguruwe hakutajwa ila pale mwalimu wa chuo cha Kurani alipofika kwenye somo la najisi. Nilipokwenda kusomea mifugo nilijiona nikiwa kati ya ng'ombe na mbuzi maisha yangu yote, na kituo changu cha kwanza, Njinjo, kilinipa moyo huo. Kulikuwa na mbuzi wengi, kuku waliokufa kwa mdondo kila mwaka, na ng'ombe wachache mno kwa sababu ya mbung'o. Zana zangu zilikuwa mfuko wa turubai, kipimajoto kimoja, sirinji mbili za kioo nilizozichemsha kwenye sufuria ya kuazima, na koleo la chuma la kuhasia madume ya mbuzi, zito kiasi kwamba bega langu la kulia limeinama mpaka leo. Mwenye sufuria hakujua inachemsha nini. Nadhani hata sasa hajui.

Baadaye nikahamishiwa Lindi mjini. Asubuhi ya kwanza mkuu wangu wa kazi aliniuliza kama nina tatizo na nguruwe. Nikamwambia sina tatizo nao, mradi wao wabaki kwao nami kwangu. Hakucheka. Alinieleza kuwa familia nyingi zilizoshuka kutoka uwanda wa Makonde zimejenga Mtanda, kwamba Wakristo miongoni mwao wanafuga nguruwe nyuma ya nyumba, na kwamba serikali haijanipeleka pale kwa ajili ya mifugo ya dini yangu peke yake. Alikuwa na haki. Nikaanza kazi siku hiyo hiyo, na jioni nikanawa mara saba, moja kwa udongo, kama nilivyofundishwa. Mke wangu alinitengea kata yangu na ndoo yangu uani. Tuliishi hivyo, na sikumbuki kama tuliwahi kugombana kwa ajili ya hilo.

Aliyenifundisha nguruwe ni Mzee Agostino. Hakuwa na cheti. Alikuwa mhudumu wa mifugo aliyetumia ujana wake katika shamba la serikali, akihudumia nguruwe wa kizungu walioletwa enzi hizo, na mikono yake ilikuwa na makovu ya meno yao. Kwanza alinifundisha kutosimama kati ya jike na watoto wake. Kisha akanifundisha kupitisha kitanzi cha kamba nyuma ya meno ya juu, kwa sababu nguruwe akivutwa huko hurudi nyuma mwenyewe na kusimama kama amefungwa nguzoni. Alinifundisha kuhasi watoto wa nguruwe wakiwa wachanga. Mtu mmoja anawashika miguu ya nyuma, wewe unapasua kwa wembe mara mbili, unaminya, unakata, unapaka iodini. Nilipomuuliza kwa nini watu wanasumbuka kuhasi mnyama ambaye ataliwa tu, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu hupika.

"Dume mzima ananuka, mwanangu," alisema. "Siyo mwilini. Nyama yenyewe inanuka ikifika motoni."

Nilichukulia ni kama wavuvi wanavyosema samaki fulani ana shombo. Sikuwahi kukaa karibu na kikaango cha nguruwe, na sikuwa na nia ya kukaa.

Kisha ikaja ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Walioishi miaka ile wanajua nasema nini. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa sabuni, mitumba na redio, na ofisi zilizokuwa na vitu zikawa tupu. Dawa za mifugo zilizokuwa zikitoka ghala la mkoa zikahamia kwenye maduka ya watu binafsi. Shamba la serikali likafungwa. Watumishi wakapunguzwa, na Mzee Agostino alikuwa miongoni mwa wa kwanza, kwa kuwa karatasi hazikuonyesha ana ujuzi wowote. Aliniachia kamba yake na kurudi kijijini kwao huko uwandani. Alikuwa amenifundisha mengi, lakini hakunifundisha yote, maana hakupewa muda.

Pamoja na bidhaa uliingia uvumi. Watu walisema kuku wanalishwa vidonge vya majira, vile vya kupanga uzazi, ili wanenepe. Walisema nguruwe wanachomwa sindano za kuvimbisha nyama. Kila mnyama aliyekua haraka alikuwa na maelezo yake, na maelezo yenyewe yalikuwa dawa. Mimi, mtaalamu, niliyasikiliza yote nikitikisa kichwa, lakini sitaficha kwamba mengine yaliniingia.

Katika Mtanda alikuwepo mama mmoja wa Kimakonde tuliyemwita Mama Anjelina. Alikuwa mhudumu wa zahanati, anayefagia, anayechemsha vyombo, anayeita majina ya wagonjwa kwa sauti ambayo hata viziwi waliisikia. Mumewe alikuwa fundi seremala na kazi ilimpeleka Songo Songo miezi kwa miezi. Yeye alibaki na watoto watano na banda la nguruwe lililokuwa safi kuliko ofisi yetu. Jike lake lilipozaa, aliniita nihasi madume.

Wanne walikwenda vizuri. Wa tano nilipasua upande mmoja nikatoa korodani, nikapasua wa pili nikaminya, hakikutoka kitu. Nikaminya tena. Wa sita akawa vile vile. Mama Anjelina, aliyekuwa ndiye ameshika miguu, aliinama akatazama.

"Bwana Mifugo, hawa umetoa moja moja."

Nilimjibu bila kufikiri kwamba hawa wameumbwa na moja, kwamba hutokea, na kwamba hakuna shida. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Ukweli ni kwamba sikuwahi kusikia jambo hilo popote. Nilikuwa nimechoka, kelele za jike zilinitoboa masikio, na nilitaka kwenda kunawa. Yeye akapokea, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mfuko wa serikali begani.

Miezi ikapita. Siku moja alinisimamisha njiani akaniambia kwamba wale wawili wana tabia ya ajabu. Wanawapanda wenzao, wanatoka povu mdomoni, na mabega yao yamekuwa mapana. Nikamwambia ni mazoea, yataisha. Sikwenda hata kuwatazama.

Mmoja wa wale wawili aliuzwa kwa katekista wa kigango chao, aliyekuwa akimwandalia mwanawe karamu ya Komunio ya kwanza. Walichinja alfajiri. Nilipofika kukagua, matumbo na mafuta ya ndani yalikuwa yameshatolewa na wanawake walikuwa wakiyaosha kwenye karai upande wa pili wa ua. Nikakagua ini, mapafu, moyo na ulimi, nikakata misuli kutafuta tegu. Nyama ilikuwa safi. Nikagonga mhuri wangu wa rangi ya zambarau nikaondoka.

Mchana nikaitwa mbio. Nilikuta uani kwa katekista watu wako kama walioambiwa kuna msiba. Vikaango vilikuwa motoni. Baadhi ya wageni walikuwa wamesimama nje ya uzio wameziba pua kwa khanga na leso, wakisema nyama inanuka mkojo, wengine wakisema inanuka jasho la mtu mgonjwa. Bibi mmoja alikuwa ametapika. Na hapo hapo, wageni wengine walikuwa wamekaa mikekani wanakula kwa furaha, wakiwauliza wenzao wana nini leo. Wawili wa familia moja, mtu na ndugu yake, walikuwa wanabishana karibu kushikana mashati, mmoja akisema uozo mtupu, mwingine akisema hajala nyama tamu kama ile tangu Pasaka.

Katekista alinishika mkono akanipeleka kwenye kikaango. Nikainama. Nilisikia mafuta na vitunguu, basi.

"Sisikii kitu," nilisema.

Katekista alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionichoma. Aliniuliza kama nimepewa chochote na mwenye nguruwe ili nigonge mhuri. Mbele ya watu wote. Nilijua nyama niliikagua. Nilijua pua yangu ni nzima. Na watu wazima, watu wa heshima, walikuwa wanaapa mbele yangu kwamba wanasikia harufu ambayo mimi nimeinamia kikaango siisikii.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka mkisome polepole. Nilitafuta mtu wa kumtupia. Nilisema kwamba nyama ilikuwa safi wakati wa ukaguzi, na kama kuna harufu basi imetokana na kitu alicholishwa mnyama. Sikutaja jina. Halikuhitajika. Kabla ya Alasiri Mtanda nzima ilikuwa ikisema kwamba Mama Anjelina anaiba vidonge vya majira zahanati na kuwalisha nguruwe. Siku ya pili mtu akaokota karatasi tupu za vidonge hivyo kwenye shimo la taka la nyumbani kwake, akazipeleka kwa katibu kata.

Mkuu wangu wa kazi aliamua tufanye kitaalamu. Tulikata kipande cha mafuta kwenye nyama ya nguruwe yule iliyobaki kwa katekista, tukakitia kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, kikasafiri na basi mpaka Dar es Salaam kwa mtaalamu mmoja wa maabara aliyekuwa akipima homoni za ng'ombe wa maziwa. Barua yake ilipofika niliifungua mwenyewe. Alisema mafuta yana homoni ya kiume kwa kiasi kile kile cha dume mzima. Mwishoni aliuliza swali moja: je, mnyama huyu alikuwa amehasiwa?

Nilikwenda posta nikapeleka jibu kwa simu ya maandishi, telegramu ile iliyolipiwa kwa kila neno. NDIYO AMEHASIWA NILIMHASI MWENYEWE. Nakumbuka karani akiyahesabu maneno.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Kama mnyama alihasiwa, ilisema, basi chanzo cha homoni hiyo hakifahamiki, na haiwezi kukataliwa kwamba ilitoka nje ya mwili wake. Mkuu wangu alipigia mstari maneno manne ya mwisho.

Kikao kilifanyika ofisi ya kata. Walikuwepo katibu kata, mganga mfawidhi wa zahanati, mkuu wangu, katekista na mimi. Mama Anjelina aliketi kwenye benchi amevaa sare yake ya kazi, imepigwa pasi. Mganga mfawidhi alimuuliza kuhusu zile karatasi za vidonge. Akasema ni vyake mwenyewe, alivyopewa na muuguzi kihalali kama wanavyopewa wanawake wengine. Nilimwona katekista akitazama chini. Mtu mmoja aliyekuwa dirishani akauliza kwa sauti ya chini, ila siyo ya chini sana, mwanamke ambaye mume yuko Songo Songo anavimeza vya nini. Yeye alisikia. Sote tulisikia, na hakuna aliyemkemea yule mtu.

Kisha Mama Anjelina akanigeukia mimi.

"Bwana Mifugo, vidonge hivi ni vya kike. Nawaeleza akina mama kila siku pale zahanati. Nyie mmekuta homoni ya kiume. Sasa vya kike vimegeukaje vya kiume ndani ya nguruwe?"

Vijana wangu, lile lilikuwa swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa tangu jambo lianze. Mtaalamu wa maabara hakuambiwa habari za vidonge, kwa hiyo hakuweza kuliuliza. Mkuu wangu hakuliuliza. Mimi nilikuwa na cheti. Aliuliza mama anayefagia zahanati, na mimi nikamjibu kwamba homoni ni homoni, mambo haya ni ya kitaalamu, mtu asiyesoma hawezi kuyaelewa. Kikao kikaandika kwamba asimamishwe kazi.

Mumewe alipata habari na kuja na boti ya kwanza. Mtanda ilingoja kuona atamfanya nini mkewe. Alimsikiliza kutwa nzima, hawakutoka nje. Asubuhi yake alipanda lori la mizigo kwenda uwandani, na siku ya tatu akarudi na Mzee Agostino, ambaye wafugaji wa Mtanda walimjua tangu alipokuwa kazini.

Nilimwona mzee akiingia ofisini nikasimama kwa furaha. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunipa mkono. Aliketi na kuniuliza swali moja tu.

"Yule nguruwe ulimtoa kende ngapi?"

Nikamwambia moja, kwamba aliumbwa na moja. Mzee Agostino alifumba macho.

"Saidi," alisema, "nimeshika nguruwe tangu sijaoa. Sijaona hata mmoja aliyeumbwa na moja. La pili hubaki tumboni. Halishuki. Nilisahau kukwambia, mwanangu, nami sikujua kama utahitaji kuambiwa."

Nilijaribu kujitetea. Nikamwambia hatuwezi kujua, nguruwe yule ameshaliwa. Akasema yupo ndugu yake, mume wa Mama Anjelina amemwambia. Nikakumbuka yule wa sita.

Mama Anjelina aliulizwa kama yuko radhi nguruwe wake achinjwe mbele ya kikao. Alisema, "Mchinjeni. Mimi nimeshapoteza zaidi ya nguruwe." Siku ile watu wale wale wa kikao walisimama wakilizunguka banda lake, na majirani juu ya uzio. Mzee Agostino alifanya kazi yote mwenyewe. Alipopasua tumbo hakuwapa wanawake matumbo. Aliingiza mkono taratibu, akapapasa nyuma karibu na figo, akasimama kidogo kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Kisha akavuta.

Lilikuwa dogo kuliko la kawaida, laini, la rangi ya waridi. Alilikata akaliweka juu ya jani la mgomba na kulisogeza mbele ya miguu yangu. Nimeona mengi katika kazi hii. Nimeona ng'ombe akipasuka kwa kujaa gesi, nimeona zizi zima limekufa kati ya Adhuhuri na Alasiri. Sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka mbele ya kile kipande cha nyama kinachoenea kwenye kiganja. Niliwaza simu yangu ya maandishi, NDIYO AMEHASIWA, na karani akihesabu maneno.

Mzee hakuishia hapo. Aliomba kikaango, akatia kipande cha mafuta. Yalipoanza kuyeyuka mganga mfawidhi alirudi nyuma, akaziba pua. Katibu kata alitoka kabisa. Mkuu wangu alitema mate. Katekista alisema, "Ndiyo yenyewe." Mimi nilisogea. Nikainama mpaka mvuke ukanipiga machoni. Nilivuta pumzi kwa nguvu zangu zote, nikitamani kwa mara ya kwanza maishani kusikia harufu ya nguruwe. Sikusikia kitu. Nikageuka kumtazama Mzee Agostino, na nadhani alimwona mtu aliyechanganyikiwa, maana sauti yake ililainika.

"Wapo wasioisikia," alisema. "Mke wangu haisikii. Anakula dume mzima anasema tamu. Mungu kawaumba hivyo tu."

Basi, ndiyo maana karamu iligawanyika nusu kwa nusu, na ndugu wakataka kupigana. Kila mmoja alikuwa akisema kweli. Na mkaguzi aliyepewa mhuri wa kuwalinda wale wanaosikia alikuwa katika wale wasiosikia, na hakujua.

Nilimwandikia mtaalamu wa Dar es Salaam nikamweleza yote. Alinijibu kwa barua ndefu, na kwa ufupi ilisema hivi, nanyi mshike: dume la nguruwe hutengeneza homoni hizi mwenyewe, ndani ya korodani zake, bila sindano wala kidonge cha mtu, na kwa kiasi kinachowashangaza hata wataalamu. Mojawapo ya vitu vinavyotengenezwa humo hukaa kwenye mafuta na ndicho kinachotoa ile harufu kikipata moto. Korodani iliyobaki tumboni haizalishi mbegu, kwa sababu ya joto la huko, lakini homoni inaendelea kuzitoa. Aliongeza kwamba swali lake la kwanza lilikuwa limelenga hapo hapo, na kwamba jibu langu lilimpoteza njia. Hakutumia neno kali hata moja. Ningependelea angetumia.

Niliandika barua ya kukiri kosa, nikaipeleka mwenyewe nyumbani kwa Mama Anjelina. Aliisoma yote akiwa amesimama mlangoni, mumewe nyuma yake anapiga randa ubao. Akanirudishia.

"Ile ya kwanza, ya kunituhumu, haikuja mlangoni kwangu," alisema. "Ilisomwa kwa watu. Na hii kaisome kwa watu."

Nikaisoma. Niliisoma ofisi ya kata, na Jumapili moja, baada ya ibada, katekista alinisimamisha nje ya kigango nikaisoma tena mbele ya waumini wote, mimi Mwislamu na kofia yangu ya kiua. Nilisema kwamba nilihasi nusu, kwamba niliambiwa na nikakataa kusikia, kwamba vidonge havikuhusika, na kwamba mama huyu aliuliza swali la kweli nikamjibu kwa jeuri. Nilipomaliza, katekista alikwenda mbele ya Mama Anjelina akamwomba radhi kwa sauti, na wengine wakafuata. Yule aliyeuliza dirishani sikumwona.

Natamani niwaambie kwamba alirudishiwa kazi. Mganga mfawidhi aliandika barua kuifuta ile ya kumsimamisha, lakini wakati ilipokuwa njiani wilayani, orodha ya kupunguza watumishi ilikuwa imeshapita, na nafasi ya mtu aliyesimamishwa ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote kukatwa. Nilikwenda wilayani mara tatu, nikaenda na mkoani. Kila ofisi ilikubali kwamba ameonewa, na kila ofisi ilisema nafasi haipo tena. Sare yake aliirudisha zahanati, imefuliwa na kupigwa pasi.

Mzee Agostino alikaa wiki mbili zaidi Lindi, akinifundisha yale ambayo hakuwahi kunifundisha, jinsi ya kupapasa mtoto wa nguruwe kabla ya kumpasua, na jinsi ya kumtia alama yule ambaye hakukamilika ili asiuzwe kwa karamu. Hakunilaumu. Alirudi kwao, na huko ndiko alikozikwa. Kwenye ukaguzi, tangu siku ile mpaka nastaafu, sikugonga mhuri juu ya nguruwe dume bila kumwita mtu mwingine aje kunusa kipande kikikaangwa. Wenzangu walinitania kwamba mimi ndiye mkaguzi pekee anayeazima pua. Walikuwa sahihi, niliazima.

Mama Anjelina aliongeza nguruwe. Banda likawa mawili, kisha manne, akawa anauza mpaka Mtwara, na watoto wake wote watano walisoma. Duka la dawa za mifugo lilikuwa na daktari wake binafsi, aliyetoza kila hatua aliyopiga, na huyo ndiye Mama Anjelina aliyemwita kwa kila kazi, ingawa mimi nilikuwa bure na nilikaa karibu zaidi. Tulikutana njiani mara nyingi. Aliniuliza habari za mke wangu na wanangu, nami nikamuuliza za kwake, na mumewe alinitengenezea kitanda ambacho nakilalia mpaka leo. Bandani kwake sikuitwa tena, na mpaka nastaafu sikuthubutu kumuuliza kwa nini.